Sheria za kuzuia vikwazo vya kigeni

Sheria za kuzuia vikwazo vya kigeni hutungwa na nchi ili wafanyabiashara wake wasitii vikwazo vya kiuchumi vya nchi nyingine, pale nchi hiyo inapotaka amri zake zifuatwe hata nje ya mipaka yake. Mara nyingi nchi hiyo ni Marekani.

Juni 1982 Rais Ronald Reagan alipanua katazo la kuuza vifaa vya bomba la gesi la Siberia, likazikumba hata kampuni za Ulaya zilizotumia teknolojia ya Kimarekani. Uingereza ilitumia sheria yake ya 1980 ya kulinda maslahi ya kibiashara kuziamuru kampuni zake, ikiwemo John Brown ya Uskoti, zitimize mikataba. Novemba Reagan aliliondoa katazo hilo.

Inayojulikana zaidi ni Kanuni 2271/96 ya Umoja wa Ulaya, iliyopitishwa Novemba 1996 kujibu sheria ya Helms-Burton kuhusu Kuba na ile ya D'Amato kuhusu Iran na Libya. Inakataza kutii sheria zilizoorodheshwa kwenye kiambatisho chake, haitambui hukumu za kigeni zitokanazo nazo, na inampa aliyepata hasara haki ya kudai fidia. Anayeona kukaidi vikwazo kutamwumiza mno anaweza kuiomba Tume ya Ulaya ruhusa ya kutii.

Agosti 2018, baada ya Donald Trump kujitoa katika mkataba wa nyuklia wa Iran, kiambatisho kilipanuliwa kujumuisha vikwazo vya Marekani vilivyorejeshwa dhidi ya Iran. Mwezi uohuo Total ya Ufaransa ikaachana na mradi wa gesi wa South Pars nchini Iran. Haishangazi: benki ya BNP Paribas ilikuwa imelipa Marekani karibu dola bilioni 9 mwaka 2014 kwa kukiuka vikwazo, na benki au kampuni inayoishi kwa dola huogopa kufungiwa dola kuliko faini ya nyumbani.

Mahakamani kanuni ina meno kidogo. Katika kesi ya Bank Melli Iran dhidi ya Telekom Deutschland, Desemba 2021, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kampuni inaweza kuvunja mkataba bila kutaja sababu. Ila dalili zikionyesha kwamba imetii vikwazo, ni juu yake kuthibitisha vinginevyo.

China nayo ilitoa kanuni za aina hii Januari 2021.

Utekelezaji wa kanuni ya Ulaya una mifano michache. Mwaka 2007 benki ya BAWAG ya Austria ilifunga akaunti za raia wa Kuba ili kutii vikwazo vya Marekani, serikali ya Austria ikaifungulia mashtaka. Benki ilizifungua tena baada ya kupata kibali kutoka Marekani, na mashtaka yakafutwa.