Mahali pa Kuzuru Katika Milima ya Eldoret, na Habari Zake za Kale

Wanachama wenzangu wameniomba niandike katika kitabu chetu cha mwaka huu habari za mahali panapofaa kuzuriwa na mgeni atokaye mbali, au na mwenyeji aliyepata siku mbili za mapumziko. Nimekubali kwa furaha, lakini yanipasa kwanza kuungama kosa. Nilipokuwa karani mpya hapa mjini, mzee mmoja wa Lamu, mwalimu aliyestaafu, alikuja kumtembelea mwanawe ambaye tulifanya kazi naye chumba kimoja. Akaniuliza, "Mwanangu, huku kwenu kuna nini cha kale cha kutazama?" Nikamjibu bila kufikiri, "Mzee, huku hakuna cha kale. Kwetu ni mahindi na ngano tu." Akacheka kidogo, akaniuliza kama ardhi hii ilizaliwa siku moja na mji wake. Sikuwa na jibu.

Baadaye nilitambua kwamba maneno yale hayakuwa yangu. Ni maneno ya wageni waliotutangulia. Joseph Thomson, msafiri kutoka Uskoti, alipoupita uwanda wa juu wa Uasin Gishu mwaka 1883 aliona nyasi na wanyama wa porini, lakini watu hakuwaona. Wamaasai wa Uasin Gishu, ambao ndio walioiachia nchi hii jina, walikuwa wamekwisha kutawanywa na vita walivyopigana na ndugu zao Wamaasai wengine. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza, ikiihesabu nchi hii kuwa tupu, ilikusudia kuwapa Wayahudi waliokuwa wakiteswa huko Urusi. Tume ya watu watatu ikaletwa kuikagua mapema mwaka 1905, na mkutano wao uliofanyika mjini Basel mwaka huo huo ukakataa zawadi hiyo. Kisha mwezi wa Oktoba 1908 wakaja Makaburu kutoka Afrika Kusini, chini ya uongozi wa Jansen van Rensburg, wakapanda na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe hata wakafika penye jabali la Sergoit. Mashamba yakapimwa, yakapewa namba, na mji ukaota katika shamba namba 64. Ndiyo sababu hata leo wako wanaouita Sisibo. Jina la Eldoret lilikuja mwaka 1912, reli ikafika mwaka 1924, na mwezi wa Agosti 2024 tukapewa hati ya kuwa jiji.

Basi, hayo ndiyo tuliyozoea kuyaita historia ya Eldoret, nayo haitimizi miaka 120. Lakini nchi hii ilikuwa na alama za mikono ya watu kabla ya Kaburu wa kwanza kufungua nira ya ng'ombe wake, na alama hizo ndizo ningependa msomaji aende kuzitazama.

Aanzie na mashimo ya Wasirikwa. Yametapakaa katika uwanda huu, na vilevile upande wa Cherangani, Nandi, Elgon, hata Nakuru na kusini yake. Mtu asiyeyajua atapita kando yake asigeuze shingo, maana ni mabonde madogo ya duara katika mteremko wa kilima, yaliyoota majani, na upande wa chini pana kichuguu kikubwa cha udongo. Wazungu waliochunguza mwanzo walidhani kwamba watu waliishi humo ndani ya shimo. Uchimbaji uliofanywa baadaye, hasa ule wa John Sutton katika miaka ya 1960, ulionyesha jambo jingine: shimo lilikuwa zizi la ng'ombe, na nyumba ilijengwa ubavuni mwake, mlango wake ukitazama zizini. Kila walipolisafisha zizi walitupa samadi na matope upande wa chini, na kile kichuguu tukionacho ni taka ya miaka mingi. Mwizi wa ng'ombe akija usiku hakuwa na njia ila ile moja ya mlangoni, na mwenye mali amelala pale pale. Mazizi hayo yalitumika tangu karne ya 13 hivi hata karne ya 18. Wazee wa Kikalenjin husimulia kwamba Wasirikwa walikuwa matajiri wa mifugo na kwamba walisukumwa wakaenda kusini. Lakini ziko jamaa miongoni mwetu zinazosema kwamba damu yao ni ya Wasirikwa, na mimi naona hakuna ajabu, kwani watu hawatoweki kama umande.

Hapa ndipo kosa langu linapozidi. Katika shamba la baba yangu mkubwa, upande wa Moiben, yalikuwako mashimo matano. Nilipokuwa mvulana tulitupa mabua humo. Mwaka mmoja baba mkubwa alikodi trekta ili ardhi iwe sawa kwa kupanda mahindi, nami nilikuwa miongoni mwa vijana waliosukuma udongo kwa majembe, tukifurahia kazi. Tuliona vigae vya vyungu, tukavitupa. Kwa siku tatu tulifukia mashimo matatu, na magunia tuliyopata katika sehemu ile hayakuzidi manne. Simlaumu baba mkubwa, kwani hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba ni kitu. Lakini mashamba ya Uasin Gishu yanagawanywa kila mwaka kwa watoto na wajukuu, na kila mwenye kipande kidogo hutaka alime hadi penye ua. Mashimo hayafukiwi kwa uadui. Yanafukiwa kwa njaa ya ardhi.

Kutoka Eldoret hata Iten ni kama kilometa 35, barabara ya lami. Dunia nzima inaijua Iten kwa ajili ya wakimbiaji wake, na shule ya St. Patrick's, iliyofunguliwa mwaka 1961, imewatoa wengi waliovikwa nishani. Mgeni atawakuta alfajiri wakikimbia makundi makundi. Lakini watu wengi hufika Iten, husimama pale nchi inapokatika ghafula, hupiga picha za Bonde la Kerio, kisha hunywa chai na kurudi mjini. Ni kweli kwamba mandhari ile inastahili kuonwa: chini kabisa mto Kerio unakwenda zake kaskazini kumwaga maji yake katika ziwa Turkana, na ng'ambo vinaonekana vilima vya Tugen. Ila asiyeteremka hajaona kitu. Barabara hushuka kwa mizunguko kupitia Tambach, ambako serikali ya kikoloni iliweka ofisi za wilaya, na joto humlaki mtu kama aliyefungua mlango wa jiko. Huko bondeni iko hifadhi ya Rimoi, iliyotangazwa mwaka 1983, nayo ina tembo.

Mimi kwa maoni yangu, kama mtu ana siku moja tu, asiitumie kwa tembo. Na aende kaskazini, chini ya ukuta wa Marakwet, akatazame mifereji. Katika nchi ya Wamarakwet mito kama Embobut na Arror hushuka kwa nguvu kutoka Cherangani na kuingia bonde kavu lenye mvua haba. Wenyeji tangu karne nyingi waliikinga mito hiyo kwa mawe, magogo na matawi, wakayatoa maji kandokando ya magenge hata yakafika katika mashamba yao ya mtama na wimbi; siku hizi pia mahindi, ndengu na maembe. Mfereji hufuata ubavu wa mlima kwa kilometa kadhaa, na penye mwamba usiochimbika walijenga ukuta wa mawe kuushikilia, au walitoboa magogo yapitishe maji angani. Hawakuwa na chombo cha kupimia mwinamo ila maji yenyewe. Mfereji ukiinama mno maji hula udongo na kuuvunja. Usipoinama vya kutosha maji hulala na kujaza mchanga. Nilipoupima kwa macho mfereji mmoja, sikuweza kusema ni wapi unapoinama, na huku maji yanakwenda.

Kinachonistaajabisha kuliko ujenzi ni utawala wake. Mfereji ni mali ya ukoo, na maji hugawanywa kwa zamu. Mafuriko yakibomoa kinga, wanaume wenye nguvu huitwa wote, na asiyekuja hutozwa faini. Vivyo hivyo aliyefungulia maji usiku wakati si wake. Mashauri huamuliwa na baraza la wanaume chini ya mti. Desturi iliwakataza wanawake kukaribia chanzo cha mfereji, ingawa wao ndio walimao sehemu kubwa ya mashamba, na juu ya jambo hilo sikukubaliana na mwenyeji wangu. Tulibishana kwa heshima mpaka jua likatua. Hata hivyo, mimi ambaye nimekaa katika halmashauri za vyama vitatu, na kuona masanduku ya fedha yakikaukia mikononi mwa waweka hazina, nilitamani waweka hazina wetu wapelekwe kwa Wamarakwet mwezi mmoja.

Mgeni asiende huko kwa pupa. Wizi wa mifugo umeleta mauaji mengi katika Bonde la Kerio, na mvua kubwa huleta maporomoko. Yale ya Chesegon ya mwezi wa Aprili 2020 yaliua watu na kuchukua nyumba. Aulize kwanza habari za njia, na aende na mwenyeji. Akumbuke pia kwamba maji yale yanatoka katika misitu ya juu. Serikali iliposema mwezi wa Januari 2014 kwamba inahifadhi chemchemi za Embobut, iliwafukuza Wasengwer ambao wazee wao waliishi humo msituni, na nyumba zao zikachomwa moto. Shauri hilo halijaacha kuwatia watu uchungu.

Mlima Elgon uko mbali zaidi, kupita Kitale. Hifadhi yake ya taifa iliundwa mwaka 1968, nayo ina pango la Kitum, ambamo tembo huingia gizani kuchimba chumvi ukutani kwa pembe zao. Thomson aliyaona mapango ya mlima huo akadhani yamechimbwa na taifa fulani la kale lililostaarabika, ingawa aliwakuta wenyeji ndani yake na ng'ombe wao. Ndivyo walivyokuwa wasafiri wale: penye watu hawakuona kazi yao, na penye kazi walitafuta watu wengine.

Na asiyeweza kwenda mbali, Nandi Hills ni karibu. Huko liko kaburi la Koitalel arap Samoei na makumbusho yake. Wanandi walipigana na Waingereza tangu mwaka 1895, na tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel alipigwa risasi na Richard Meinertzhagen, ofisa wa Kiingereza, katika mkutano ulioitishwa kwa ajili ya amani. Msomaji na atazame mwaka. Ni mwaka ule ule ambao watu watatu walikuwa wakiutembelea uwanda uliosemwa kuwa tupu, na jirani yake vita vilikuwa vimeingia mwaka wa kumi.

Mzee wa Lamu alikuja tena miaka miwili iliyopita. Safari hii nilimpeleka Moiben. Aliteremka shimoni polepole kwa mkongojo wake, akasimama katikati, akaniuliza mlango ulikuwa upande gani, nikamwonyesha.

Mashimo mawili yaliyosalia hayajafukiwa, na baba mkubwa ameyazungushia miiba. Mwanachama atakaye kuyaona na aniarifu ofisini kabla ya Ijumaa, ili nimpigie mzee simu afunge mbwa.