Paroko wa Morebath na Kitabu Chake cha Hesabu

Twajua namna Henry VIII alivyoitenga Uingereza na Baba Mtakatifu. Lakini kijijini, kwa wakristu wadogo, mambo yalikuwaje? Morebath yatujibu. Ni kijiji cha Devon, chenye nyumba kama 33 tu wakati ule, za wafuga kondoo.

Mwaka 1520 alifika pale Padri Christopher Trychay, akakaa mpaka kufa kwake mwaka 1574. Kila mwaka wasimamizi wa kanisa walitoa hesabu mbele ya waamini, na Padri ndiye aliyeziandika. Kitabu hicho kingaliko. Mwaka 2001 mwanahistoria Eamon Duffy alitoa masimulizi yake. Ndani twaona kondoo wa Bikira Maria na wa Mtakatifu Sidwell, waliochungwa pamoja na kondoo wa watu. Sufu yao ilinunua mishumaa ya sanamu. Vijana wanaume walikuwa na kikundi chao na feza yao, wasichana vilevile. (Makatekista wetu wataelewa upesi!) Padri alitamani sana mavazi meusi kwa Misa ya wafu. Waliweka feza kidogo kidogo, miaka 20 hivi, wakayapata mwaka 1547.

Mwaka uleule Henry alikufa. Mwanawe Edward VI alikuwa mtoto wa miaka 9, na washauri wake ndio walioharibu yote. Sanamu ziliondolewa, kondoo wa kanisa wakauzwa. Mwaka 1549 Misa ya Kilatini ilikatazwa. Watu wa Devon na Cornwall wakaasi. Morebath wakatuma vijana 5 kwenye kambi ya waasi karibu na Exeter, kwa feza ya parokia, na Padri akaandika majina yao kitabuni! Waasi walishindwa, maelfu wakauawa.

Chini ya Malkia Mary (1553-1558), watu walirudisha sanamu na vitabu walivyovificha nyumbani. Kisha akaja Elizabeth, na yote yakaondolewa tena.

Na Padri? Maaskofu karibu wote walikataa, wakanyang'anywa viti vyao. Yeye alibaki, akasoma sala za Kiingereza mbele ya watu walewale aliowabatiza. Kwetu ni vigumu kulikubali. Lakini aliyekaa miaka 54 na kundi lake, hatuthubutu kumwita mtu wa mshahara. Katika uzee wake aliendelea kuandika hesabu zao.