Kutoka CD mpaka disiki ngumu

Wandugu, tukisikia Kali Linux, wengi tunawaza mwizi wa Facebook. Mimi ni mulisansie wa agronomia, si wa informatika, lakini historia ya chombo hiki inatugusa hata sisi wa Kolwezi.

Mwaka 2000 Mjerumani Klaus Knopper alitoa Knoppix, Linux nzima juu ya CD moja. Unaingiza CD, unawasha kompyuta, disiki ya ndani haiguswi. Watu wa usalama wa mtandao waliipenda njia hiyo, wakapakia humo vyombo kama Nmap ya 1997, inayoonyesha mashine zipi ziko kwenye mtandao na milango ipi iko wazi. Mwaka 2006 mikusanyo miwili, WHAX na Auditor, iliungana ikazaa BackTrack. Tarehe 13 Machi 2013 ikajengwa upya juu ya Debian, ikaitwa Kali.

Shida ya CD ni kwamba kazi inakaa kwenye kumbukumbu ya muda tu. Umeme ukikatika, yote yamekwenda. Nzilo iko na bwawa la umeme tangu miaka ya 1950, Union Minière ililijenga kwa ajili ya migodi, lakini kwenye kartie moto unakatika bila kuaga. Njo maana disiki ngumu ina faida: matokeo ya jana yanabaki, unayalinganisha na ya leo. Shamba lisilo na daftari la msimu uliopita, utajuaje kama mbolea ilifaa?

Ila disiki ilidai adabu mpya. Kwenye CD kila kazi ilifanywa kwa jina la root, mwenye uwezo wote, na neno la siri la BackTrack, toor, lilijulikana dunia nzima. Kwa mgeni wa saa moja, si neno. Kwa mwenye kukaa, ni kulala mlango wazi. Watu wengi walikuwa wameifanya Kali kuwa mfumo wao wa kila siku, na Januari 2020 ikaacha desturi hiyo, ikaweka mtumiaji wa kawaida.

Kwa hiyo ukitaka kuiweka, kwanza nakili mafaili yako pengine, kwa sababu ukichagua disiki nzima, yote yanafutwa. Kisha chagua usimbaji wa disiki: humo utahifadhi udhaifu wote wa mtandao wako, na mwizi wa kompyuta asiusome.

Tarehe 13 Machi 2023, miaka kumi kamili baada ya Kali, nchi yetu ilipata Code du numérique. Kuingia katika mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa la jinai. Chombo kimoja kinaweza kukupa kazi ao kukupeleka mbele ya tribinali. Mtandao wa nyumbani kwako, jifunze bila woga. Wa kampuni ao wa jirani, omba ruhusa ya maandishi kabla ya amri ya kwanza.