Mgongano wa Tangu 1953

Hans Peter Luhn, Mjerumani aliyehamia Marekani, alianza kujulikana kwa kifaa cha kuhesabia nyuzi za kitambaa. Januari 1953, akiwa mhandisi wa IBM, aliwaandikia wenzake waraka wa ndani, na humo ndimo lilimozaliwa jedwali ambalo waandishi wa programu wa leo hawawezi kuishi bila yake: unalipa jina, linakupa kilichofungamanishwa na jina hilo. Wanaotumia lugha ya Python huliita kamusi.

Ugumu ulikuwa huu. Kumbukumbu ya kompyuta haijui majina. Inajua visanduku vyenye namba. Ukiwa na majina milioni moja na kuyapitia moja moja, kwa wastani utakagua nusu milioni kabla ya kulipata unalolitaka. Ukiyapanga kwa alfabeti, hatua 20 zinatosha, ila kila jina jipya linaweza kuyalazimu mengine yasogee.

Luhn alisema: usitafute, piga hesabu. Tuseme jina lenyewe ni namba, 583174. Jumlisha tarakimu mbili mbili, ubaki na mamoja tu: 5 na 8 ni 13, andika 3, 3 na 1 ni 4, 7 na 4 ni 11, andika 1. Nenda moja kwa moja kisanduku cha 341.

Sasa jaribu 851347. Nayo ni 341! Migongano ya namna hii haikwepeki, na huja mapema kuliko tunavyodhani: watu 23 tu wakikusanyika, uwezekano wa wawili kuzaliwa tarehe moja unazidi nusu. Luhn aliliona hilo tangu mwanzo, na kwangu mimi hapo ndipo ulipo ustadi wake. Majina yaliyogongana aliyaacha yakae kisanduku kimoja, mashine ikague hayo machache tu. Mwaka 1954 Gene Amdahl, Elaine McGraw, Nathaniel Rochester na Arthur Samuel, wa IBM pia, walichagua njia nyingine: kisanduku kikijaa, jaribu kinachofuata. Huko Urusi ya Kisovieti, Andrey Ershov aliifikia njia hiyohiyo kivyake.

Lugha ya AWK ya mwaka 1977 ililiweka jedwali hili mikononi mwa waandishi wengi wa programu, kisha zikaja Perl na Python. Mgongano ukasahaulika.

Si wote waliousahau. Desemba 2011, mjini Berlin, watafiti Alexander Klink na Julian Wälde walionyesha kwamba fomu moja ya tovuti, iliyojazwa maelfu ya majina yaliyoteuliwa yaangukie kisanduku kimoja, inaweza kuifunga seva kwa dakika nzima. PHP, Java, Python na Ruby zote zilikuwa hatarini. Perl ilikwisha kujikinga tangu 2003, watafiti wengine wawili walipotoa onyo. Wengine walikuwa na miaka minane ya kulisoma onyo hilohilo.

Dawa ilikuwa kuchanganya siri ya kubahatisha katika hesabu kila programu inapoanza, ili mshambuliaji asiweze kukisia kisanduku. Python iliifanya kuwa kawaida katika toleo la 3.3, mwaka 2012.