Sarafu bila mahali pake haisemi kitu

Leo tuzungumze juu ya sarafu tano ndogo za shaba.

Mwaka 1944, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, askari mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, alikuwa kazini kwenye kituo cha rada katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Siku moja, alipokwenda kuvua samaki, aliokota sarafu tisa mchangani. Alizitia ndani ya kopo, na mahali alipoziokota pakawekwa alama ya X kwenye ramani. Zikakaa hivyo miaka 35. Mwaka 1979 ndipo alipozituma kwa wataalamu.

Nne zilikuwa za Waholanzi. Zile tano zilikuwa na maandishi ya Kiarabu na hazikuonyesha mwaka. Zikatambuliwa kuwa za Kilwa, mji wa kale wa Waswahili kwenye kisiwa cha kusini mwa pwani ya Tanzania, kama kilomita 10,000 kutoka pale.

Sarafu za Kilwa zina alama yake. Upande mmoja waliandika jina la sultani. Upande wa pili waliandika maneno ya kumtumainia Mungu, yenye kina kimoja na jina lile, kama shairi. Ukiijua desturi hiyo, hata sarafu iliyochakaa inaanza kusomeka.

Lakini jina la sultani peke yake halitoi mwaka. Hapo ndipo mahali panaposaidia. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000 zenye majina ya watawala wa pwani, akiwemo Ali bin al-Hasan. Zilikuwa zimefukiwa pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka nchi za Kiislamu za mbali, ambazo zina miaka. Kwa sababu zote zilikuwa shimo moja, wataalamu wakatambua kwamba Ali bin al-Hasan ni wa karne ya 11. Kama mtu angezitoa zile za dhahabu akaziuza kando, habari hiyo ingepotea.

Na sisi huku Kongo tuna mfano wetu. Misalaba ya shaba ya Katanga haina maandishi hata moja. Lakini katika makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, wachimbaji waliandika kila msalaba ulilala wapi. Wakaona kwamba kadiri karne zilivyopita, misalaba ilizidi kuwa midogo na ya kulingana, tena ilikutwa karibu na mikono ya marehemu. Ndivyo walivyoelewa kwamba ilikuwa imegeuka feza.

Ninayasema haya kwa sababu vita vimetusukuma njiani tukiwa na vitu vya wazee wetu ndani ya mafurushi. Mwingine amelima shamba la watu akaokota kipande cha chuma chenye herufi asizozijua. Njaa ikibana, mnunuzi anakuja na franka chache, na kitu kinaondoka bila jina la kijiji kilikotoka.

Usikisugue kwa mchanga wala kwa ndimu, maana utafuta maandishi. Piga picha pande zote mbili. Kama herufi zinafanana na Kiarabu, muonyeshe shehe wa msikiti ulio karibu. Na kabla ya yote, andika kwenye daftari: kimetoka kijiji gani, mto gani, kilikuwa cha nani, kililala pamoja na nini. Wazee waliozaliwa huko waulizwe wakiwa bado hai.

Kuuza ni shauri la mwenye mali, na mtoto lazima ale. Lakini daftari lile libaki nyumbani. Isenberg aliitunza ile X, na mwaka 2013 watafiti walikwenda kutafuta tena visiwani kule.