Protini Zilizobuniwa na Binadamu na Vita vya Kale Dhidi ya Malaria



Mwaka 1916, majeshi ya Wabelgiji yalipoingia Usumbura, mji tuuitao leo Bujumbura, Wajerumani hawakuwa adui yao wa pekee. Katika vita vile vya Afrika Mashariki, maradhi yaliwaua askari na wapagazi wengi kuliko risasi, na malaria ilikuwa miongoni mwa maradhi hayo. Wajerumani walisalimu amri mwaka 1918, malaria haikusalimu. Mwezi wa Machi 2017 serikali ya Burundi ililazimika kutangaza kwamba ugonjwa huo umekuwa janga nchini.

Silaha mojawapo iliyobuniwa dhidi yake ni ya namna ya pekee. Kila kiumbe hai hutegemea protini, ambazo ni minyororo ya asidi amino za aina 20. Mnyororo hujikunja ukapata umbo, na umbo ndilo liamualo kazi, kama meno ya ufunguo yaamuavyo kufuli litakalofunguka. Mwaka 1987, maabara ya Rixensart, Ubelgiji, ilishirikiana na Taasisi ya Utafiti ya Jeshi la Marekani, Walter Reed. Wataalamu waliunganisha kipande cha protini ya kimelea cha malaria na protini ya virusi vya homa ya ini aina ya B, wakaitumia hamira kuizalisha. Ikapatikana protini isiyopata kuonekana katika maumbile. Hicho ndicho kiini cha chanjo ya RTS,S.

Ushindi haukuja upesi. Kati ya 2009 na 2014 chanjo hiyo ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 wa nchi 7 za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwamo. Kwa watoto wadogo waliopata dozi zote nne, malaria ilipungua kwa zaidi kidogo ya thuluthi moja. Septemba 2019 Kenya ilianza kuwachanja watoto wa magharibi ya nchi. Ilikuwa imepita miaka 32. Mwezi wa Oktoba 2021, Shirika la Afya Duniani likaipendekeza rasmi.

Lakini huko kulikuwa kuunga vipande vilivyokuwapo. Mwaka 2003, David Baker na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walichora kwa kompyuta protini mpya kabisa, Top7, yenye asidi amino 93. Mwaka 2022 Korea Kusini iliidhinisha chanjo ya korona iliyojengwa juu ya protini zilizobuniwa kwa njia hiyo, na mwaka 2024 Baker akatunukiwa nusu ya Tuzo ya Nobel ya kemia.

Ndugu askari, thuluthi moja si ushindi kamili. Mwenye kupata mkuki mpya haitupi ngao yake. Kambini na nyumbani, chandarua kitandikwe kila usiku, na mwenye homa apimwe mapema. Adui aliyewashinda majemadari wa 1916 hashindwi kwa silaha moja, wala kwa siku moja.