usimbaji fiche
nm [u-]. Ugeuzaji wa data kwa ufunguo wa siri ili asiye na ufunguo huo asiweze kuisoma. Kitenzi ni simba. Kinyume chake, simbua. (Mnyama hahusiki, ingawa wanafunzi hawachoki kuuliza.)

Matumizi: Fiche si pambo. Usimbaji pekee ni kuweka maandishi katika msimbo, mathalani UTF-8, ambao jedwali lake liko wazi kwa kila mtu. Mchimbaji mdogo wa Mwakitolyo, mkoani Shinyanga, anayemwandikia nduguye uzito wa dhahabu aliyonayo na siku atakayosafiri nayo, akiambiwa tu kwamba ujumbe wake “umesimbwa”, hajahakikishiwa chochote. Huenda njiani unasomeka wote. Mfasiri wa programu aandike “umesimbwa fiche”. Kuliacha neno hilo kwa ajili ya ufupi ni uzembe wenye madhara.

Katika taaluma ya kompyuta, itifaki haisimbwi. Kinachosimbwa ni data inayopita ndani yake. Kwa hiyo husemwa: Keneli ya Linux iliongezewa usimbaji fiche wa data ya TLS inayotumwa katika toleo la 4.13 (2017), usimbuaji wa data inayopokewa ulifuata katika toleo la 4.17 (2018). Kazi ya pande mbili kukubaliana funguo haikuhamia kwenye keneli, bali iliachiwa programu za mtumiaji.